Wakfu na Mkono wa Mtoaji

Liko neno moja ambalo Mwislamu wa Mombasa na Mkristo wa Nyeri hulitumia kila mmoja katika ibada yake, wala hawagombani juu yake, nalo ni wakfu. Mwislamu akisema kwamba shamba fulani la minazi ni wakfu, maana yake ni kuwa mwenye shamba amelitoa katika miliki yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, likawa haliuzwi, halirithiwi wala haliwekwi rehani, na mazao yake yakawa mafuta ya taa za msikiti au riziki ya mayatima. Na Mkristo akisema kwamba kanisa, au kikombe cha meza ya Bwana, kimewekwa wakfu, maana yake ni kuwa kimetengwa na matumizi ya kila siku, kisirudi tena kuwa mali ya mtu. Katika zama zetu neno hilo limetwikwa mzigo wa tatu, maana huitwa wakfu vilevile zile taasisi ambazo hukusanya fedha kwa ajili ya sanaa, zikawalipia wachoraji na wachongaji rangi, vyumba vya kazi na nauli, zikawakutanisha na wenzao wa nchi za mbali, na kuwafungulia milango ya maonyesho ambayo wao wenyewe wasingethubutu kuipigia hodi.

Nami kila nisikiapo kwamba kijana wa Nyeri, au wa Karatina, au wa Nanyuki, amechukuliwa na wakfu fulani kwenda kushirikiana na watu wa nje, hufurahi kwanza, kisha hujiuliza kama neno hilo lina maana yake ya asili hapo, au limeazimwa tu kama kanzu ya Ijumaa, livaliwe adhuhuri na kuvuliwa alasiri. Swali langu si la hesabu wala la utawala. Ni swali la dini, au la falsafa kwa asiyependa neno dini: je, kipaji alichopewa mtu na Muumba wake, kikilishwa kwa mkono wa mtu mwingine, na mkono wenyewe ukawa wa ng'ambo, hubaki kuwa cha mwenyewe? Na mtoaji, akiisha kutoa, ana haki gani juu ya kile alichokitoa?

Wajuzi wa lugha hutwambia kwamba asili ya neno wakfu katika Kiarabu ni kusimama na kusimamisha. Husimuliwa katika Hadithi kwamba Umar bin Khattab alipopata ardhi huko Khaibar, naye hakupata kuwa na mali iliyo azizi kwake kuliko hiyo, alimwendea Mtume kumwuliza aifanyeje, akashauriwa aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Fikra hiyo ni nyepesi kuisema na nzito kuitenda. Ardhi haikuwa ikienda popote hata iambiwe isimame; kilichosimamishwa ni mkono wa mwenyewe, ambao tangu siku ile hauwezi tena kuifikia ardhi hiyo kuigeuza wala kuiuza, na hata mutawali aliyewekwa kuisimamia ni mtumishi wa sharti la wakfu, hana urithi ndani yake. Kutoa kwa namna hiyo ni kufa kidogo kabla ya kufa, na kwa hiyo watoa sadaka ni wengi, lakini waweka wakfu ni wachache.

Kabla sijaliendea swali hilo kwa njia ya wanavyuoni, nataka nilipitishe sokoni Karatina, mahali ambapo niliwahi kuketi asubuhi nzima karibu na mama mmoja msusi wa viondo, mvua ya manyunyu ikiwazuia wateja na kutuachia sisi nafasi ya mazungumzo. Alikuwa amekunja mguu mmoja na kuunyosha wa pili, na juu ya paja la mguu ulionyoka alikuwa akisokota nyuzi za katani kwa kiganja, nyuzi mbili zikishuka mbalimbali na kupanda zikiwa uzi mmoja, wala yeye hautazami mkono wake. Mbele yake palikuwa na viondo viwili visivyokwisha. Cha kwanza kilibanwa kwa pini karatasi iliyoandikwa upana wa kitako, urefu wa ubavu na jina la rangi, nayo rangi yenyewe ilikuwa kijani ya namna ambayo sijaiona katika jani lolote la mlima huu. Cha pili hakikuwa na karatasi.

"Hiki ni cha oda, mwalimu," aliniambia. "Kinakwenda ng'ambo na wenzake arobaini. Hicho kingine ni cha nyumbani."

"Na cha nyumbani, mama, unakiuza kiasi gani?"

"Hicho hakiuzwi. Ni cha mke wa mwanangu, akijifungua."

Nikamwuliza, kwa ujinga wa watu waliosoma, ni kipi kati ya hivyo viwili anachokiona kuwa kazi yake hasa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa ni yupi kati ya wanawe aliyemzaa. Kisha akasema kwamba vyote amevisuka yeye, ila cha oda kikikosewa hurudishwa, na cha nyumbani kikikosewa hufumuliwa na yeye mwenyewe. Na akaongeza, huku akiuma ncha ya uzi, kwamba kama si fedha ya hicho cha oda, katani ya hiki cha nyumbani ingetoka wapi. Jibu hilo limenizuia mara nyingi kusema maneno mepesi, kwa kuwa limeniziba njia mbili kwa pamoja: siwezi kudai kwamba fedha ya mgeni huharibu kila inachokigusa, wala siwezi kudai kwamba haigusi kitu.

Dini zetu hazikulipuuza swali la fedha na asili yake. Mlima huu, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga na kuuelekea wamwombapo Ngai, ulikuwa na sharia juu ya vitu vitolewavyo. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 juu ya mila za watu wake, ameeleza kwamba mwana-kondoo wa kafara ya kuomba mvua sharti awe wa rangi moja asiye na baka, na kwamba haikutosha kumkagua mnyama peke yake: mwenyewe naye alichunguzwa, kama ni mtu mwaminifu ambaye hakuua wala hakuiba. Makureshi nao, kabla ya kuja Uislamu, walipotaka kuijenga upya Al-Kaaba, walipatana wasitie katika jengo lile pato la uzinzi, wala riba, wala mali ya dhuluma. Na fedha safi ilipowapungukia, waliridhia kuifupisha nyumba kuliko kuikamilisha kwa haramu, na ile sehemu iliyobaki nje ya kuta zake ndiyo mahujaji waijuayo hata leo kwa jina la Hijri Ismaili. Na Injili ya Mathayo husimulia kwamba makuhani, walipoviokota vile vipande thelathini vya fedha ambavyo Yuda alivitupa hekaluni, waliona si halali kuvitia katika hazina, wakashauriana, wakanunua kwavyo konde la mfinyanzi, liwe mahali pa kuzikia wageni.

Nimesikia hotuba nyingi juu ya Yuda, na chache juu ya makuhani, walakini sijapata kusikia mhubiri hata mmoja akimwulizia yule mfinyanzi. Alikuwa fundi, na konde lile, bila shaka, ndilo lililompa udongo wa vyungu vyake. Siku moja wakaja wakubwa na fedha ambayo wao wenyewe waliogopa kulala nayo, wakamwekea mkononi, na shimo la udongo likageuka makaburi. Fedha iliyowashinda wenye hekalu iliishia kwa msanii. Tangu hapo, nadhani, jambo hilo limetokea mara nyingi duniani, kwa kuwa tajiri ambaye roho yake haitulii husikia kwamba sanaa husafisha, kama vile mtu mwenye joho la vumbi anavyosikia kwamba mto uko karibu.

Lakini tukisema kwamba msanii asipokee ila fedha ambayo mwenyewe amechunguzwa kama mwenye kondoo yule, tutakuwa tumemhukumu afe njaa kwa ajili ya utakatifu wetu, ambao sisi wenyewe hatuuishi. Mkono mtupu haulambwi, na katika nchi hizi za mlima, ambako mashamba yamebadilika mikono kwa amri za serikali ya kikoloni, na kahawa imewanufaisha wengine kuliko wakulima wake, ni shida kuonyesha shilingi ambayo haina baka hata moja. Yatupasa kutafuta kipimo kingine cha kusimama kando ya kile cha asili ya mali, nami naona kwamba kipimo hicho kimo katika kanisa moja la Murang'a.

Murang'a wakati ule ikiitwa Fort Hall. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na katika nchi yote ya Wakikuyu, toka Kiambu hata Nyeri, nyumba ziligawanyika: Wakristo waliokataa kula kiapo cha Mau Mau waliuawa, wengine wakichukuliwa usiku mbele ya watoto wao, na kwa upande wa pili, waliokula kiapo, au walioshukiwa tu, walitiwa vizuizini na kunyongwa, na mama zao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Katika siku hizo Kanisa la Kianglikana lilijenga Fort Hall nyumba ya kuwakumbuka wafia dini wake, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye mwaka ule ule alikuwa amemweka wakfu Obadiah Kariuki kuwa miongoni mwa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kanisa hilo katika Kenya. Nia ya jengo ilikuwa dhahiri, nayo ilikuwa nia ya upande mmoja wa msiba.

Aliyeitwa kulichorea kuta zake alikuwa kijana wa Tanganyika, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mwaka 1932, aliyesoma Makerere katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell. Tazama jinsi ugeni ulivyopangana: mwalimu alitoka Uingereza, chuo kiko Uganda, mchoraji ni Mchaga aliyekulia miguuni pa Kilimanjaro, na ukuta uko mbele ya Kirinyaga, katika nchi ambayo wenyewe kwa wenyewe hawakuwa wakitazamana machoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na aghalabu tunaitumia methali hiyo kwa habari ya wali na kuku. Mimi huiona pale kwa maana yake iliyo nzito, kwamba yako majeraha ambayo mwenyeji hawezi kuyafunga kwa kuwa mikono yake mwenyewe imo ndani yake.

Njau alichora picha tano, kazi aliyoimaliza mwishoni mwa miaka ya 1950: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, sala ya Gethsemane, na kusulubiwa. Yesu wake ni mtu mweusi. Wanaomzunguka ni watu wa migongo ile ya milima, na nchi iliyo nyuma yao ni nchi ambayo mtu huiona akigeuka na kutoka mlangoni. Leo jambo hilo halimshtui mtu, lakini lilitendwa wakati ambapo picha za Biblia zilizotundikwa katika nyumba za waumini zilionyesha Bwana mwenye nywele za rangi ya mahindi, na wakati ambapo Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, aliyekamatwa karibu na Nyeri Oktoba 1956, alikuwa amenyongwa Februari 1957, na mwili wake haukurudishwa kwa watu wake.

Sidai kwamba mchoraji alikusudia kumchora fulani katika fulani. Picha ya msalaba ni picha ya msalaba. Ninalosema ni kwamba mama aliyefiwa, akiketi chini ya picha hizo, haulizwi na ukuta mwanawe alikufa upande gani. Mtu aombaye usiku chini ya miti, huku wanaomtafuta wanakuja na mienge wakiongozwa na rafiki yake, ni habari ambayo katika miaka ile kila kijiji kilikuwa nayo yake, na haikuwa habari ya kambi moja tu. Waliomwita Njau walitaka kumbukumbu ya wafu wao. Waliyoipata ilikuwa pana kuliko walivyoagiza, ikawatosha na wafu wa wale waliowaua. Na jambo linalonipa taadhima kwao ni kwamba waliikubali. Hawakuzipaka chokaa kuta zao, wala hawakumtafuta mwingine aje kumgeuza Yesu awe mweupe. Walimwonyesha ukuta, na mkono wao ukasimama. Hiyo ndiyo maana ya wakfu kama alivyoelekezwa Umar, ijapokuwa waliitenda Waanglikana.

Sasa na tulinganishe na habari ya pili, ambayo ndani yake yumo mchoraji yule yule. Mwaka 1963 mwandishi Es'kia Mphahlele, mhamishwa wa Afrika Kusini, alianzisha Nairobi kituo cha utamaduni kilichoitwa Chemchemi, na Njau akawa mwenye kuongoza upande wa uchoraji. Fedha zilitoka kwa jumuiya moja ya kimataifa yenye makao Paris, iliyojinasibu kwa uhuru wa utamaduni, ambayo ndiyo pia iliyougharamia ule mkutano wa waandishi wa Makerere, Juni 1962, alikohudhuria mwanafunzi wa Limuru aliyekuwa akiitwa James Ngugi, na ndiyo iliyolisaidia jarida la Transition la Kampala. Ilipofika mwaka 1966 na 1967, magazeti ya Marekani yalifichua kwamba sehemu ya fedha hizo ilitoka katika Shirika la Ujasusi la Marekani, ikipitishwa katika taasisi kadhaa za hisani, mojawapo ikiitwa Farfield Foundation. Neno letu hilo takatifu, wakfu, lilikuwa limetumika kama buibui la kujifunikia mtu asiyetaka kutambulikana sokoni.

Yuko atakayesema: na iwe, dhara gani? Picha zilizochorwa Chemchemi hazikugeuka kuwa mbovu asubuhi ile gazeti liliposomwa. Michezo iliyochezwa ilichezwa, na vijana waliofundishwa kushika brashi hawakusahau kuishika. Hoja hiyo ina nguvu, wala siipuuzi. Walakini Uislamu hufundisha kwamba matendo huambatana na nia, na Ukristo nao hufundisha kwamba Mungu hutazama moyo. Na katika mafundisho hayo mawili mtu ni mwenye tendo lake kwa kadiri alivyolinuia. Aliyeificha nia yake nyuma ya zawadi amemwingiza msanii katika safari ambayo msanii hakuitia nia, kama mtu apandishwaye chombo akiambiwa kinakwenda Lamu, kumbe nahodha ameafikiana na mwingine kwa bandari nyingine. Hata kama chombo kitafika Lamu kwa salama, msafiri amedhulumiwa kitu, nacho ni ile haki ya kusema hapana. Mwana-kondoo aliletwa chini ya mugumo, mti wa kafara, akiwa hana baka, lakini mwenyewe alijificha nyuma ya ua, na wazee hawakupata nafasi ya kumwuliza. Makuhani wa Yerusalemu, pamoja na makosa yao yote, walau walitaja kwa sauti kwamba fedha ile ni thamani ya damu.

Hapa ndipo ninapouona mpaka baina ya Murang'a na Chemchemi. Nia ya kanisa ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa imeandikwa katika jiwe lililo mlangoni, na kila aliyeingia aliweza kuisoma; msanii aliiona, akashindana nayo kwa rangi zake, akaipita. Mkono ulio wazi mtu aweza kuusalimu, au kuusukuma, au kuushika na kuuvuta upande anaoutaka yeye. Mkono uliofichwa hauna pa kushikwa. Kwa hiyo, kama ni lazima nichague, nitamchagua mfadhili mwenye makosa yanayojulikana mbele ya mfadhili mwenye fadhila zisizojulikana zitokako, na nitamwambia kijana wa Nyeri kwamba swali la kwanza la kumwuliza wakfu wowote si kiasi gani, bali ni nani.

Wenyewe wasanii walilitafakari jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1965 Njau na wenzake, akiwamo mshairi Jonathan Kariara, mwana wa Nyeri, walifungua Nairobi nyumba ya sanaa iliyo chini ya mikono yao wenyewe, wakaiita Paa ya Paa, jina ambalo mwenye sikio la Kiswahili hulicheka na kulistahi, kwa kuwa ndani yake paa wa porini huambiwa apae, naye hupaa. Hapo ndipo Samwel Wanjau, ambaye husimuliwa kwamba katika vita vya msituni mikono yake iliwatengenezea wapiganaji bunduki, alipopata mahali pa kuchongea na kujulikana kama mchongaji. Nyumba hiyo haikuwafungia mlango wageni. Iliwapokea wa bara na wa ng'ambo, ilipata misaada na ikakosa misaada, na hata moto ulipoiteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wake mwaka 1997, haikufungwa. Na Njau amekuwa akiwausia vijana kwamba kuiga ni kumtia Mungu usingizini, usia ambao kwa kipimo changu una elimu ya dini kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Maana iko hatari nyingine katika kushirikiana na watu wa nje, ambayo haitoki kwa mfadhili mwenye hila, hutoka ndani ya msanii mwenyewe, tena aghalabu kwa sababu mfadhili ni mwema. Kijana akiisha kugundua kwamba wageni hupenda twiga mbele ya jua linalotua, atachora twiga. Na akigundua kwamba wageni wa mwaka huu wamechoshwa na twiga, nao sasa wapenda vyuma chakavu na maneno ya huzuni juu ya miji, ataviokota vyuma na kuyakariri maneno. Hakuna aliyemlazimisha. Katika elimu ya Kiislamu maradhi hayo yana jina, nalo ni riya, yaani kuswali ili uonekane unaswali, na wanavyuoni wameyaogopa kuliko madhambi mengi yaliyo wazi, kwa sababu mwenye madhambi hujijua, lakini mwenye riya hudhani yumo katika ibada.

Kwa maradhi hayo nimeona dawa moja ambayo yafaa isifiwe, ijapokuwa nayo ilitoka nje. Mwaka 1982 Mwingereza Robert Loder na mchongaji Anthony Caro walianzisha katika jimbo la New York warsha waliyoiita Triangle, ambayo matawi yake yalienea katika nchi nyingi za Afrika, na katika Kenya yakashikamana na Kuona Trust, iliyoanza mwaka 1995 katika makumbusho ya Nairobi na kuendesha warsha za Wasanii. Desturi yake ilikuwa kuwakusanya wasanii kwa muda wa kama wiki mbili, nusu wenyeji na nusu wageni, wakila pamoja na kufanya kazi pamoja, pasipo mtu kudaiwa kwamba mwishoni atoe kitu kilichokamilika cha kuuzwa. Mimi nikiisikia habari hiyo hukumbuka itikafu, ambapo mtu hujitenga msikitini siku kumi za mwisho wa Ramadhani, wala hakuna amwulizaye siku ya Idi ametoka na faida gani. Mwenye kuvuruga turubai lake bila ya kuogopa hesabu ndiye atakayethubutu kuacha kuiga, na mgeni aliyeketi kando yake, akivuruga la kwake vilevile, amekoma kuwa mteja na amekuwa jirani.

Basi nikirudi kwenye swali nililoanza nalo, naona kwamba kipaji cha mtu hakiwi cha mwingine kwa sababu kimelishwa na mwingine. Mtoto wa kunyonyeshwa na yaya hakupotea ukoo. Yaliyo juu ya mtoaji ni mawili: auonyeshe uso wake kabla ya kutoa, na mkono wake usimame baada ya kutoa. Lililo juu ya mpokeaji ni moja tu, nalo ni zito kuyashinda yote mawili: awe nacho kitu, hata kikiwa kidogo, ambacho hakuna aliyekiagiza.

Miezi kadhaa baadaye nilipita tena Karatina, nikamkuta yule mama mahali pake. Viondo vya oda vilikuwa vimekwenda zao. Kile cha nyumbani kilikuwa kimening'inizwa msumarini nyuma yake, mjukuu akiwa hajazaliwa bado, nacho kilikuwa kimepanda kiasi cha vidole vinne tangu tulipoonana. Na katikati ya katani yake nyeupe, mahali ambapo sikutazamia, ulipita mstari mmoja mwembamba wa kijani ile ile ya kwenye karatasi, umezunguka ubavu wote na kuchanua upande mmoja kama jani. Nikamwuliza kama rangi hiyo nayo ilikuwa katika oda.

"Ilibaki, mwalimu," akasema. "Ningeitupa?"